Siku nane nikiitafuta pwani yetu kwenye ramani za kale

Siku ya 1. Birmingham hadi Hereford

Nimetoka kwa dada yangu Birmingham saa tatu asubuhi, mvua inanyunya. Nina mkoba mmoja, daftari, na chapati nne alizonifungia za njiani. Dada huyu ni mtoto wa mama mkubwa, tumelelewa nyumba moja Chumbageni, na bado ananifungia chakula kana kwamba naenda shule. Treni ya Hereford inachukua kama saa moja na nusu. Nimekaa dirishani.

Kabla sijafika niseme kilichonileta. Nafundisha Jiografia Tanga. Baba yangu mdogo alikuwa nahodha wa jahazi, miaka zaidi ya thelathini kati ya Pangani, Unguja, Pemba na Mombasa. Siku moja nilimpelekea atlasi mpya ya shule aitazame. Akaifungua ukurasa wa pwani yetu, akashusha kidole polepole kutoka Tanga kwenda Pangani, kikasimama. Akaniuliza, "Aliyechora hii alimuuliza nani?" Mafungu ya mchanga hayamo. Milango ya kuingilia haimo. Alikuwa ameshika picha ya bahari aliyoivuka usiku bila taa, na haikuwa bahari yake.

Nimekaa na swali lile miaka. Ndipo nikaanza kusoma juu ya ramani za dunia za zamani, zile za kabla ya Vasco da Gama kufika kwetu mwaka 1498, na nikajiapiza kwamba nitakwenda kuziona kwa macho yangu na kuziuliza swali hilo hilo.

Hereford ni mji mdogo wa magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Mto Wye unapita chini ya kanisa kuu. Njiani, karibu na kufika, nimeona ng'ombe wekundu wenye nyuso nyeupe malishoni, wale wanaoitwa kwa jina la mji huu. Nimelala mapema.

Siku ya 2. Hereford

Ramani ya dunia niliyoijia imehifadhiwa kwenye kanisa kuu. Chumba chenyewe kina mwanga hafifu na kimya. Ramani iko nyuma ya kioo. Kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa nchi wala bahari, kilikuwa ngozi. Ngozi moja nzima ya ndama, urefu karibu mita 1.6 na upana mita 1.3, shingo imeelekea juu. Ukisogea pembeni kidogo unauona mstari wa uti wa mgongo ukishuka katikati ya dunia. Imekuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Bahari zilizokuwa kijani zimegeuka hudhurungi. Bahari ya Shamu imebaki nyekundu, inawaka kama pilipili, kwa sababu kwa Kilatini jina lake ni bahari nyekundu na aliyechora alilichukua jina kama lilivyo.

Ilichorwa karibu mwaka 1300. Hakuna ramani ya dunia ya zama hizo iliyobaki hadi leo inayoizidi kwa ukubwa. Kona ya chini kushoto kuna maneno ya Kifaransa cha Wanormandi: wote walio na hadithi hii, au watakaoisikia, au kuisoma, au kuiona, wamwombee kwa Yesu Richard wa Haldingham na Lafford, aliyeitengeneza. Nimesimama hapo muda mrefu. Hakuiita ramani. Ameiita hadithi, na amemhesabu hata mtu *atakayeisikia*.

Basi nikaacha kuitazama kama mwalimu wa Jiografia, nikaanza kuisikiliza. Hadithi inaanzia juu. Juu ni mashariki, si kaskazini. Kaskazini iko mkono wa kushoto, kusini mkono wa kulia. Juu kabisa, panapochomoza jua, pana kisiwa cha duara chenye ukuta na lango lililofungwa: Peponi, na Adamu na Hawa ndani yake. Pembeni wanafukuzwa. Ukishuka unakuta Mnara wa Babeli, jengo kubwa kuliko yote kwenye ramani. Unakuta Safina ya Nuhu, na mke wa Lutu amegeuka nyuma. Kuna mstari mwembamba unaotoka Misri, unakata Bahari ya Shamu, unajizungusha jangwani mara kadhaa kabla ya kufika: hiyo ni njia ya Wana wa Israeli na Musa. Katikati ya yote ni Yerusalemu, duara yenye meno kama gurudumu la saa, na juu yake msalaba.

Mama mmoja wa makamo anayejitolea pale kueleza wageni aliniona nimeganda, akaja. Alinionyesha kwa kidole, bila kugusa kioo, tundu dogo katikati ya Yerusalemu. Ni tundu la bikari. Aliyeanza kuchora alitia ncha ya bikari pale, akazungusha dunia yote. Nilihisi mwili unasisimka. Karibu miaka 700, na alama ya mkono wake ipo.

Kwa hiyo ukienda chini unakwenda magharibi, na unakwenda pia mbele katika wakati: kutoka kuumbwa kwa mtu hadi karibu na mlango wa nyumba ya aliyechora. Kusafiri na kuzeeka ni njia moja. Nje ya duara, juu, Kristo anahukumu, waliookoka upande mmoja na waliopotea upande wa pili. Na kuzunguka ukingo wa dunia zimetundikwa herufi nne kubwa za dhahabu, M, O, R, S. Ukiziunganisha unapata neno la Kilatini la mauti. Dunia yote, miji yake yapata 420, imo ndani ya neno hilo.

Hereford yenyewe ipo, chini kushoto, kwenye ukingo. Karibu haisomeki. Watu walioitazama karne kwa karne walikuwa wakiutafuta mji wao, wakiupata wanaugusa, mpaka wino umekwisha.

Siku ya 3. Hereford tena

Leo nimekuja kwa ajili yetu.

Afrika iko kulia. Kuna kosa ambalo kila mgeni analisimulia: maneno makubwa ya dhahabu yamebadilishana, Ulaya imeandikwa "Affrica" na Afrika imeandikwa "Europa". Linashangaza, lakini halikunishughulisha sana. Lililonishughulisha ni ukingo wa kulia kabisa, ng'ambo ya mto unaokwenda sambamba na ukingo. Pale ndipo kusini ya mwisho. Pale, kama tungekuwepo, ndipo tungekuwepo.

Pamepangwa watu, mmoja chini ya mwenzake, kama mabango. Mmoja hana kichwa, macho na mdomo viko kifuani. Mwingine midomo yake imeshikana, anakula kwa mrija. Mwingine ana macho manne, na maandishi yanasema ni Waethiopia, jina ambalo Wazungu wa zamani waliwaita watu weusi wote. Nimesogea mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo. Wamechorwa kwa uangalifu. Vidole vinahesabika.

Nilidhani nitaona hasira ikinijia. Ilikuja, siifichi. Lakini huyu wa macho manne namjua asili yake, na asili yake imenifanya nikae kwenye benchi nifikiri. Pliny, Mrumi aliyeandika katika karne ya kwanza, alitaja watu wa kusini ya Misri ambao jina lao linamaanisha wenye macho matatu au manne, na papo hapo akaeleza: si kwamba wako hivyo, ni kwa sababu wana shabaha kali sana ya mshale. Ilikuwa sifa! Waliomfuata wakaiacha ile sentensi ya pili. Ni kama mgeni aje Tanga, asikie "fulani ana mkono mrefu", au "yule mama ana mdomo mrefu", halafu arudi kwao achore. Atachora mikono inayoburuta chini na midomo kama ya korongo, na wajukuu zake watasoma kwamba pwani ya Waswahili kuna viumbe.

Sasa tuweke miaka pamoja. Karibu na wakati ndama huyu anachunwa, Kilwa ilikuwa ikitengeneza sarafu zake za shaba. Haukupita muda mrefu Sultani al-Hasan bin Sulaiman akajenga Husuni Kubwa juu ya jabali, na mwaka 1331 Ibn Battuta akafika Kilwa akausifu mji ule miongoni mwa miji mizuri. Msikiti wa Kizimkazi ulikuwa umesimama tangu mwaka 1107, tarehe yake imechongwa kwenye jiwe. Hayo yote yalikuwa yakiendelea nyuma ya mgongo wa yule mtu wa mrija.

Richard hakuwa muongo. Alikuwa na vitabu, na vitabu vilikuwa vimenakili vitabu. Hakuwa na mtu wa kumuuliza, na kwa hadithi aliyokuwa akiisimulia hakuona haja. Mbali na Yerusalemu maana yake ilikuwa mbali na ubinadamu. Hivyo ndivyo dunia ilivyopangika kichwani, katikati pana utakatifu, na kadiri unavyosogea ukingoni mwili wenyewe wa mtu unalegea, unakosa umbo.

Jioni nilimpigia Ba'mdogo. "Shikamoo Ba'mdogo." "Marahaba mwanangu, umeiona Pangani?" Nikamwambia wameweka watu wenye nyuso vifuani. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Hao hawakupata rubani." Kisha akauliza kama nimekula.

Siku ya 4. Oxford

Treni, saa mbili na zaidi. Nimefika mchana, nimepata chumba chenye dirisha linaloangalia ukuta. Nimezunguka mji kwa miguu, nimeona maktaba ya Bodleian kwa nje tu.

Siku ya 5. Oxford

Hati nilizozifuata hapa zimepigwa picha na maktaba yenyewe, ziko wazi mtandaoni kwa yeyote, na ningeweza kuzitazama nikiwa Tanga. Lakini nilitaka kuwa karibu nazo. Nimekaa na kompyuta siku nzima, nikikuza picha mpaka nyuzi za karatasi zinaonekana.

Ya kwanza ni Kitabu cha Maajabu, kilichotungwa Misri kati ya mwaka 1020 na 1050, enzi za watawala wa Kifatimi. Maktaba ilikinunua mwaka 2002, na kabla ya hapo ulimwengu wa wasomi karibu ulikuwa haukijui. Bahari ya Hindi humo ni yai refu la kijani. Hakuna jitihada ya kuonyesha umbo la pwani. Anayetafuta sura ya Afrika atakata tamaa. Ila ukisoma maandishi utakutana na Qanbalu, ambayo wengi wanaiona kuwa Pemba, halafu unakutana na *Unjuwa*. Unguja! Na kando yake sentensi fupi: kuna mahali ishirini pa kutia nanga kuizunguka.

Nilisimama nikatembea chumbani.

Karibu miaka 250 kabla ya ramani ya Hereford, mtu aliyekaa Misri anajua kwamba Unguja ina mahali ishirini pa kutia nanga. Hakulisoma hilo kwa Wayunani. Kuna baharia aliyehesabu, mmoja mmoja, akamwambia mwenzake, mpaka likafika Cairo likaandikwa. Ramani ya Kupro ndani ya kitabu hicho ni hivyo hivyo: kisiwa kimechorwa kama mraba, lakini ndani yake zimeorodheshwa bandari na upepo ambao kila bandari inaukinga. Hiyo ni akili ya Ba'mdogo kabisa. Yeye ukimuuliza Pangani ikoje hakwambii ina umbo gani. Anakwambia wakati wa kusi usiingie maji yakiwa yanatoka.

Ya pili ni ya al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu, aliyemaliza kazi yake mwaka 1154 huko Palermo, kwa mfalme Mkristo, Roger wa Pili. Nakala hii iliandikwa Cairo mwaka 1553. Kwa karibu miaka 15 yeye na mfalme walikuwa wakiwaita wasafiri, wanawahoji pamoja, kisha mmoja mmoja, na yale waliyokubaliana ndiyo yaliyoandikwa. Dunia wakaigawa vipande 70, kila kipande na ramani yake. Kusini iko juu.

Nilikwenda kipande chetu. Nimesoma chuo cha Kurani utotoni, herufi za Kiarabu nazijua, ingawa siku hizi nasoma polepole. Mim, lam, nun, dal: Malindi. Mim, nun, be, sin: Mombasa. Wala hakuna kiumbe. Katika kitabu anasema watu wa Malindi wanachimba chuma na kukiuza, na ndiyo faida yao kubwa. Si kwamba yote ni sahihi. Pwani yetu kaipinda kuelekea mashariki mpaka inatazamana na India, kwa sababu hapo alimfuata Ptolemy, mzee wa Aleksandria aliyeandika miaka elfu moja kabla yake. Palipo na shahidi kaandika chuma, palipokosa shahidi karudi kitabuni.

Hili la kusini kuwa juu linawasumbua wanafunzi wangu sana kila ninapolitaja. Wapo wanaoeleza kwamba Waislamu wa mwanzo wengi walikuwa kaskazini ya Makka, wakisali wanaelekea kusini, basi wanachokielekea wakakiweka juu. Kwetu kibla ni kaskazini. Na maneno yetu wenyewe ya pande hizo hayatoki juu wala chini, yanatoka kwenye pepo: kaskazi na kusi. Mswahili anataja dira kwa upepo unaompeleka Uarabuni na ule unaomrudisha.

Siku ya 6. London

Siku ya kupita tu. Nimenunua kitabu chenye picha ya ramani ya Zaburi, ya miaka ya 1260, iliyohifadhiwa kwenye Maktaba ya Uingereza. Duara lake lina upana wa sentimita 9 hivi, linafunikwa na kiganja. Ndani ya udogo ule bado wamepata nafasi ya kuwapanga viumbe kumi na wanne kwenye ukingo wa Afrika. Usiku, uwanja wa ndege.

Siku ya 7. Venezia, Italia

Begi langu halikufika. Nimekwenda kwenye ramani na nguo za jana, koti la dada yangu juu.

Ramani ya Fra Mauro ni mali ya maktaba ya Marciana, uwanja wa Mtakatifu Marko. Unapita vyumba vingi vya jumba la makumbusho ya Correr kabla ya kuifikia. Halafu ghafla iko mbele yako, duara la bluu na dhahabu lenye upana wa karibu mita mbili, ngozi iliyobandikwa juu ya ubao, na maandishi yapata 3,000. Ilikamilika kati ya mwaka 1450 na 1459 hivi. Fra Mauro alikuwa mtawa. Hakuwa baharia. Alikaa kisiwani mwake kwenye wangwa, na dunia ikawa inamjia kwa boti.

Kusini iko juu, kama kwa al-Idrisi. Yerusalemu haiko katikati kabisa, naye ameona analazimika kueleza kwa nini, akaandika kwamba ukihesabu wingi wa watu badala ya ukubwa wa ardhi, bado ni katikati. Peponi ameitoa nje ya duara, ameiweka kona ya chini kushoto kwenye fremu, ndani ya mviringo wake peke yake. Miaka 150 kabla yake Peponi ilikuwa mahali pa kuanzia safari. Kwake si mahali pa kufikika kwa mguu wala kwa tanga, basi hawezi kuipa nafasi kati ya nchi. Mtawa! Nilijiuliza alipigwaje na moyo siku aliyoamua.

Kwa sababu kusini iko juu, Afrika yetu iko juu sana, na shingo inauma. Nimetumia simu kukuza. Kwenye maandishi ya Uhabeshi anasema wale waliozaliwa huko, watu wa dini, walimchorea kwa mikono yao wenyewe mikoa ile, miji, mito na milima, pamoja na majina yake. Watawa wa Kihabeshi walikuwa wakifika Italia miaka hiyo. Nimewafikiria wamekaa naye mezani, mmoja ameshika kalamu.

Na kuna maandishi mengine upande wa Afrika ambayo nilikuwa nimeyasoma kwenye vitabu, lakini kuyaona ni jambo jingine. Anasema wataalamu wengi wameandika kwamba Afrika kuna watu na wanyama wa kutisha. Yeye hataki kuwapinga wenye mamlaka. Lakini kwa miaka yote aliyokuwa akichunguza na kuuliza, hakupata mtu hata mmoja wa kumthibitishia. Basi kwa kuwa hajui, hawezi kushuhudia, anawaachia wengine watafute.

Nimeyasoma tena kwa tafsiri niliyoinakili daftarini, neno kwa neno, nimesimama katikati ya watu. Wale wa Hereford wenye macho manne na mrija hawakufukuzwa kwa hasira wala kwa hoja ndefu. Aliuliza, hakupata shahidi, akaacha nafasi.

Kisha nikatafuta majina. Soffala. Chelue, ndiyo Kilwa. Xengibar. Yameandikwa mahali ambapo nahodha asingepatambua, yamesukumwa kusini mno, lakini ni majina yetu kwa sikio la Kiitalia. Chini ya Afrika, yaani juu, bahari imefunguka. Ptolemy alikuwa ameifunga Bahari ya Hindi kama ziwa. Fra Mauro anasimulia chombo kilichotoka upande wa India karibu mwaka 1420, kikapita ncha ya Afrika kuelekea magharibi, kikaenda siku 40 bila kuona chochote ila hewa na maji. Wareno walipita ncha hiyo mwaka 1488.

Siku ya 8. San Michele

Begi limefika hotelini asubuhi.

Nimepanda boti Fondamente Nove, kituo kinachofuata ni makaburi. San Michele, kisiwa cha Fra Mauro, sasa ni cha kuzikia. Kanisa jeupe linalokukaribisha lilianza kujengwa mwaka 1469, naye hakuliona. Utawa ulivunjwa enzi za Napoleon, na ramani ikahamia Marciana mwaka 1811. Nimekaa kwenye ngazi za mawe karibu na maji. Boti zinapita kwenda Murano, maji yanapanda ngazi ya tatu, yanashuka.

Nikampigia Ba'mdogo. Nikamweleza habari ya mtawa aliyeuliza miaka mingi. Akasema, "Ee. Huyo sawa." Nikamweleza ya Unguja, kwamba kitabu cha miaka karibu elfu kinasema kuna mahali ishirini pa kutia nanga. Akakaa kimya, nikadhani simu imekatika.

"Ishirini?"

"Ishirini, Ba'mdogo."

"Ngoja." Nikasikia anavuta kiti. "Andika. Mkokotoni. Nungwi, lakini kwa kusi tu, kaskazi hapakaliki. Mangapwani. Mjini. Fumba. Unguja Ukuu. Kizimkazi..."

Nilikuwa nimeshafungua daftari gotini. Kila jina alilipa upepo wake na kina chake. Tulifika kumi na nne, salio likaisha. Nimerudi mjini kutafuta mahali pa kuongeza.